Mtu wa Nyaya

Mimi ni mtu wa nyaya.
Waimbaji wana Roho, mimi nina teipu nyeusi,
bisibisi mbili na kitambaa cha kufutia chumvi,
maana Malindi chumvi haikai baharini:
hupanda mpaka Muyeye, ikaingia kwenye plagi,
ikala shaba kimyakimya, kama deni.

Jumamosi ya pili ya likizo, uwanja wa shule,
bango limefungwa golini: VIJANA, AMKENI.
Jua la saa nane lilikuwa limelaza hata mbuzi.
Bendi tatu.
Ngome ya Neema kutoka Mtwapa, mashati ya zambarau,
viatu vilivyochongoka,
kibodi bado ina plastiki ya dukani.
Wa Gede walifika na pikipiki nne na dada mmoja,
Mbodze. Huyo nilimpunguzia maiki
kabla hajafungua kinywa.
Na wetu, wa Kakuyuni:
gitaa la besi nyuzi tatu, wa nne waya wa breki ya baiskeli,
na Thoya kwenye ngoma,
mkata mawe wa timboni,
vumbi jeupe limemkalia nyusi kama uzee.

"Moja, mbili. Moja, mbili. Bwana asifiwe. Mnanipata?"
Kiongozi wa zambarau alipatwa na watoto saba na mbwa.
Nikamwongezea mwangwi. Sauti ikanenepa,
akajisikia, akajipenda.
Hii ndiyo dhambi yangu ndogo:
najua kila mmoja anavyosikika mtupu.

Saa kumi kasoro watu wamejaa, vumbi linaruka,
Mbodze yuko juu kabisa ya wimbo,
pale ambapo mtu huwa hashuki,
adhana ikaanza.
Akainua kiganja. Ngoma zikakaa.
Hakuna aliyetangaza kitu; ndivyo tulivyolelewa.
Wa Mtwapa walitazamana.
Tukasimama na jasho letu hadi mwisho,
muadhini akakohoa kidogo kabla ya kuzima,
na mimi nikatabasamu peke yangu:
amplifaya ile niliifungua mwezi wa Mei,
nikatoa kiota cha mchwa.
Kisha Mbodze akarudi palepale alipoachia,
neno lilelile, silabi ya pili.

Jioni mchungaji akaita.
Kibodi ikashuka, ikawa kama mtu anayenong'ona mlangoni.
Walikuja wasichana wawili wakilia,
kijana mmoja aliyesukumwa na wenzake,
na mtoto wa kaptura ya shule,
ndoo ya viazi karai bado mkononi.
Wakamwekea mikono, mikono mingi,
mpaka nikaona ndoo tu.
"Sema, mwanangu, moyo wako unataka nini?"
Maiki ilikuwa wazi. Sikuiwahi.
"Nataka kuona ile ngoma ya mguu inapigwaje."

Uwanja ulicheka mpaka bango likalegea.
Mchungaji hakujua acheke au aombe,
akafanya vyote viwili, vibaya.
Thoya hakusema.
Alisogea kwenye kiti, akabaki na nusu.
Mtoto akapanda. Mguu haukufika kwenye kanyagio.
Akateleza mpaka ukingoni, akashika goti la Thoya,
akakanyaga kwa kisigino.

Du.

Spika zote nne nilizokodi, ndoo, kifua changu.
Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha mwangwi.
Nikakiondoa.

Du, tena. Hakuna aliyecheka.

Usiku nilikunja nyaya kiwiko kwa kiganja.
Waya haulazimishwi, una ulivyozoea kulala.
Katibu alisoma kwa tochi: arobaini na mmoja wameokoka.
Sikumuuliza kama mtoto yumo.
Ndoo niliiona ikirudi kwa mwenyewe, tupu,
Mbodze akihesabu sarafu kwenye kitenge chake:
viazi vyote alivimaliza kuviuza
wakati sisi tumefumba macho.
"Na pilipili ilikuwa haba," alisema,
"kesho mwambie mamako aongeze."